Mvumo wa Kopo la Biskuti

Juzi walikuwa wanamwaga lami barabarani karibu na ninapokaa, mtaa wa Ntinda, na mtaa mzima ukaziba pua. Jirani zangu walifunga madirisha. Muuza duka alijifunika kitambaa usoni kama daktari anayeingia kupasua mtu. Mimi nilitoka nje, nikasimama kando ya lile pipa linalochemka na kuvuta pumzi mpaka mbavu zikalia. Kijana mmoja wa kazi ya barabara akanitazama kwa huruma.

"Nyabo, mama, kuna mtu unamtafuta?"

Nikamwambia hapana, lakini alikuwa amepatia. Wenzangu baba zao walinukia sabuni, au sigara, au ng'ombe. Wangu alinukia lami ya moto, na sijawahi kuipita harufu hiyo bila kusimama.

Tulikaa Kisenyi, nyuma ya mashine za kusaga mahindi, na unga ulitua juu ya kila kitu mpaka paka wetu mweusi tulimjua kwa macho tu. Vita vilikuwa vimekwisha na watu wameanza tena kununua vitu vya umeme. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka umeme wa siku zile: uliondoka bila kuaga, na uliporudi ulirudi na hasira za kule ulikokwenda, ukaunguza redio, pasi, na wakati mwingine nyumba. Baba aliishi kwa kutengeneza kilichoharibiwa na hasira hizo. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake, cha nyuma tulilala, na katikati lilining'inia pazia la maua mekundu.

Baba alikuwa fundi hodari kuliko wote kutoka Kisenyi hadi mwisho wa dunia, ila alikuwa haoni. Sisemi alikuwa kipofu. Nasema siku moja alimpa mbuzi wa jirani salamu kamili, asalaam aleikum, na akasimama kungoja aitikiwe. Kwa hiyo kazi ya kulehemu vitu vidogo aliifanya Mama. Yeye Baba alinyoosha kidole, "Hapo, mke wangu, mguu wa kati," na Mama akagusisha chuma cha moto, risasi ikayeyuka na kung'aa kama tone la maziwa. Baba alijua wapi, Mama alijua vipi. Na wakati wote Baba alivuma. Hakuwa anaimba, alivuma tu puani, sauti moja nzito isiyopanda wala kushuka, kama nyuki aliyeshiba.

Siku moja akaja Mama Atieno. Huyu alikuwa Mkenya, rafiki wa Mama tangu walipogombania kitambaa kimoja sokoni na kuishia kukigawana. Alifundisha wasichana kupiga chapa kule Kansanga, na kanisa lake lilikuwa limempa kompyuta iliyochokwa Ulaya. Ilikuwa kibao tu, kompyuta nzima imo ndani ya vibonyezo vyake, unaiunganisha na televisheni. Lakini ilipata moto wake kutoka kwenye kitu cheusi cha plastiki, kizito kama dhambi, ambacho kazi yake ni kupokea umeme mkali wa ukutani na kuutoa ukiwa mpole. Sote tulikiita tofali, na tofali lilikuwa limekufa.

"Baba Zuu," akasema Mama Atieno, "mafundi wote wa mjini wamenikatalia. Wanasema hii kitu haifunguliwi."

"Kilichofungwa na binadamu kinafunguliwa na binadamu," Baba akajibu, akaomba nyundo.

Halikuwa na skrubu hata moja. Waliolitengeneza walilijaza gundi nyeusi iliyoganda kama jiwe, hakuna pa kuingiza hata wembe. Baba alilipasua ganda, akaanza kuichonga ile gundi kwa patasi kidogo kidogo, vipande vikiruka mpaka kwenye sufuria ya maharage. Tulikula gundi ya Ulaya siku kadhaa na hakuna aliyeumwa tumbo. Mwisho mifupa ya ndani ikaonekana. Alibadilisha kilichoungua, akaunga nyaya kwa namna yake mwenyewe, na safari hii hakumwita Mama. Alitumia kioo cha kukuzia na kuvumilia. Kisha akavipanga vyote ndani ya kopo la biskuti la bati na kumwagia lami ya moto mpaka juu.

Hivyo ndivyo walivyofanya mafundi wa kwetu. Ukibuni njia yako, uizibe, la sivyo jirani ataifungua na kesho ataiuza kama yake. Hata mke hakuonyeshwa. Mama alimtania, "Unanificha mimi, nami nitaenda kuuza siri yako kwa nani, kwa mbuzi?" Baba akacheka, akaendelea kumimina.

Lilipochomekwa ukutani, kopo likavuma. Sauti moja nzito isiyopanda wala kushuka. Baba aliinama, akaweka sikio, naye akavuma pamoja nalo. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona. Jioni homa ikampanda. Mimi nikapelekwa kwa shangazi, na niliporudi nyumba ilikuwa imejaa viatu vya watu, na Baba hayupo.

Mnajua mambo yetu: maziko ni ya haraka, na watoto wa kike hatuendi makaburini. Hakuna aliyenionyesha kitu. Kila mtu alinishika kichwa na kusema, "Bambi, bambi," yaani pole mtoto, kisha akaenda kula. Basi nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Nilimwacha Baba ameinamia kopo. Baba hayupo tena, kopo lipo, limezibwa, na linavuma sauti yake. Mtoto wa umri wangu angehitaji ushahidi gani mwingine?

Niliyaweka hayo moyoni. Mama alikuwa ameingia eda, kipindi ambacho mjane kwetu hukaa ndani, hajipambi, hatoki, na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Alivaa nguo moja nyeupe isiyo na ua, akawa anaishi nyuma ya lile pazia, na mimi nikawa miguu yake na mdomo wake. Mama Atieno, kwa kunionea huruma, alikuwa akinichukua kwenda Kansanga nikacheze. Sikucheza. Wasichana walipokuwa wanagonga vibonyezo, mimi nilikaa chini ya meza kando ya kopo, mkono juu ya kifuniko. Lilikuwa na joto la mtu aliyelala mchana. Nilimpa habari zote: paka amezaa, Mama hali vizuri, jirani ameniita chongo nami nikamwita kiboko. Kopo likavuma. Alikuwa ananisikiliza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima nasoma shule ya jioni, mwalimu wa fizikia alieleza kwamba chuma cha ndani hutikiswa na umeme unaokwenda na kurudi, ndiyo maana transfoma huvuma. Darasa zima likaandika. Mimi nikanyoosha mkono na kumwuliza kama ana hakika. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani ule, lakini sijasema kwamba nilimwamini.

Sasa, Baba alikuwa na kaka yake, Baba Mkubwa Twaha, muuza matairi, mtu mnene mwenye moyo laini na sauti ya lori. Kila Ijumaa baada ya swala alituletea sukari na nyama, akakaa chumba cha mbele, na kuzungumza na pazia. Siku moja akakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Shemeji, hivi vyombo vya marehemu vinashika kutu. Kuna mtu wa Katwe anavitaka vyote. Ijumaa ijayo nitakuja naye."

Akakohoa tena.

"Na chumba hiki nitaweka matairi, wewe na mtoto mtakula humo humo. Mimi sitaki mteseke. Utavifanyia nini vyombo, Shemeji? Fundi ameondoka."

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa," akasema Mama.

Alipoondoka, Mama alitoka akasimama mbele ya meza ya Baba, akagusa chuma cha kulehemu, mita ya kupimia, koleo ndogo yenye meno. Nikamwuliza kama tunaviuza. "Sijui, Zuu. Mimi mkono wangu unajua. Ila siku zote kulikuwa na mtu wa kuniambia wapi."

Kabla Ijumaa hiyo haijafika, Mama Atieno aliingia mbio, kapu kichwani, kitenge kimemfunguka nusu. Ndani ya kapu mlikuwa na ile kompyuta, na kopo la biskuti.

"Mama Zuu, limenyamaza! Asubuhi lilikuwa linavuma vizuri, mara likanuka, likanyamaza. Sijathubutu kuligusa."

Niliweka mkono juu yake. Lilikuwa baridi. Nadhani nilipiga yowe ambalo lilisimamisha mashine za unga, maana wote wawili walirukia kunikamata wakidhani nimepigwa na umeme.

"Halijachomekwa, mtoto!" Mama Atieno akasema. "Aki, nini?"

Mama alilitazama kopo, akalitazama pazia na meza iliyokuwa upande wa pili. Kisha akasema polepole, "Wasichana wako watakosa mtihani?"

"Watakosa. Lakini si lazima wewe, dada. Uko kwenye eda."

"Eda imenikataza kutoka. Haijanikataza kuyeyusha lami."

Alileta meza ya Baba upande wetu wa pazia. Akawasha sigiri ya makaa, akaweka karai la mchanga juu yake, na mchanga ulipopata moto akalizika kopo ndani yake mpaka shingoni. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nilimshika mkono.

"Mama, usimchome!"

"Nani?"

"Baba. Piga hodi kwanza."

Sijui kama mmewahi kuona watu wazima wawili wakikosa pa kuweka nyuso zao. Mama Atieno aligeukia ukuta, mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Nadhani alivifanya vyote kwa zamu. Mama alipiga magoti mbele yangu.

"Nani alikwambia Baba yumo humu?"

"Hakuna. Namsikia. Ninamwambia habari, ananiitikia."

Angeweza kunikemea. Angeweza kunicheka, na ningemsamehe. Badala yake alikunja kidole akagonga bati, ngo, ngo, ngo. "Hodi," akasema. Tukangoja. Sote watatu tulingoja kwa adabu, Mama Atieno naye akiwa ameshika kifua kama yuko kanisani. Mashine za unga zilikuwa zinalia nje. Kopo halikuitika.

"Hayumo, mwanangu," Mama akasema. "Angekuwemo angetukaribisha. Unamjua baba yako, hata mbuzi alimkaribisha."

Akaninyanyua nione. Alikuwa amekibandua kifuniko. Juu ya lami, pembeni kabisa, palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote imesimama kama shamba lililolimwa. Baba aliibonyeza lami kujua kama imeganda, kwa sababu macho hayakumtosha. Mama alikuwa hajawahi kuiona. Aliitazama muda mrefu sana, na sigiri ikizidi kushika.

"Dada," Mama Atieno akanong'ona, "tuache. Nitatafuta nyingine. Nitamwambia mchungaji."

Mama alinyoosha mkono. Aliweka gumba lake ndani ya lile la Baba, likazama na nafasi ikabaki. Akachukua langu, akaliweka. Langu lilipotea mle kama punje ya mtama. Lami ilikuwa imeanza kulainika. Nilihisi mistari ikiteleza chini ya kidole changu, kisha hapakuwa na mistari tena, ni weusi unaong'aa tu.

"Haya," Mama akasema, "tuone alichonificha."

Walimwaga lami kwenye bati la zamani, moshi ukajaa nyumba kiasi kwamba mbu wa Kisenyi walihamia Entebbe. Mama alisafisha kila kitu kwa tambara lenye mafuta ya taa. Alifuata waya mmoja baada ya mwingine kwa ncha ya koleo, akizungumza peke yake. Umeme unaingia hapa. Unashuka hapa. Hapa unanyooshwa. Nilimwona akitabasamu alipogundua mahali Baba alipopitisha waya kwa njia ndefu ya kijinga kwa sababu hakuona ile fupi. Halafu akasimama.

Kulikuwa na kidude chenye miguu mitatu, kidogo kama ukucha, ambacho ndicho hasa kinachoutuliza umeme usiiue kompyuta. Kilikuwa kimepasuka.

"Kimekufa kwa joto," Mama akasema. "Hiki hutoa joto kila dakika kinapofanya kazi, nalo halikuwa na pa kutokea. Amelifungia ndani." Alikaa chini. "Baba yako alikosea hapa, Zuu."

Nilitaka dunia ipasuke. Kwanza Baba hayumo, na sasa Baba anaweza kukosea, yote kwa siku moja! Lakini Mama alikuwa hajasema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuta soksi ya mumewe chini ya kitanda. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akimsema Baba kama mtu. Watu wote walikuwa wanamsema kama malaika, na malaika siwezi kumkumbuka, simjui.

Kidude kingine alikitoa kwenye redio mbovu ya karakana. Safari hii hakukuwa na kidole cha kumwonyesha. Alishika chuma juu kwa muda, hewani, kama anasikiliza. Kisha, "Bismillah," akakigusisha mguu wa kwanza.

Ijumaa baada ya swala, kila kitu kilikuwa juu ya meza upande wetu wa pazia. Mama alikuwa amekibana kile kidude kwenye ubavu wa kopo, joto lipitie kwenye bati, na alikuwa ametoboa kifuniko kwa msumari kila mahali kama chekecheke. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na televisheni yetu ndogo, ila bado waya wa kopo ulikuwa haujaingia. Ndipo tulipomsikia Baba Mkubwa akipiga hodi, na nyuma yake mtu mwingine, yule wa Katwe.

"Nyabo, pole sana," mtu wa Katwe akasema kupitia pazia. "Mimi tachukua yote. Hata hii meza. Gari iko hapa inje."

"Meza haipo," Baba Mkubwa akashangaa. "Shemeji, meza iko wapi?"

"Ngojeni kidogo," Mama akajibu.

Alichomeka kopo peke yake kwanza na kuweka mita. Sindano ilipanda. Mama Atieno alikuwa anaomba kwa Kijaluo. Umeme ukizidi, kompyuta inakufa hapo hapo na hakuna nyingine. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikatulia pale ilipotakiwa, na Mama akaitazama kwa muda mrefu mpaka akaridhika kwamba haitanii. Ndipo alipochomeka kompyuta. Televisheni ikakoroma, ikafanya mawimbi, kisha ikawa buluu, na kona ya juu kikaonekana kijialama kimoja cheupe kikifumba na kufumbua kama jicho.

Kelele alizopiga Mama Atieno sitaweza kuzieleza. Nasikia kuna watu Jinja walitoka nje kuuliza.

"Kuna nini huko?" Baba Mkubwa akanguruma.

"Shemeji," Mama akasema, "mwambie mgeni wetu anisamehe kwa kumsumbua. Vyombo haviuzwi."

Mtu wa Katwe akasema, "Kale," yaani haya basi, akaaga kwa heshima, tukasikia gari lake likiondoka. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Baba Mkubwa alikuwa amekaa juu ya kigoda cha Baba, kigoda kimezama chini yake, anatazama mahali meza ilipokuwa. Nilidhani amekasirika.

Upande wetu, Mama Atieno alishika lile bati la lami. "Tumwage?"

"Hapana." Mama alikuwa anatafuta kwenye mkebe wa skrubu. "Ninalifunga kwa hizi. Likinyamaza tena, mtu alifungue bila kuvunja kitu. Zuu, njoo ushike bisibisi."

Nilikuwa nimekaza skrubu ya mwisho, imepinda kama mguu wa kuku, nilipomsikia Baba Mkubwa akitoka. Nikasikia mlango wa gari lake. Kisha akarudi, hatua nzito, akasimama karibu kabisa na pazia, na chini yake, kati ya maua mekundu na sakafu, mkono wake mnene ukasukuma redio kuukuu iliyofungwa kwa raba.

Mama aliichukua ile redio, akaifuta unga kwa kiganja.

"Muulize," akaniambia, kwa sauti ya karakana ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "iliacha kusema lini."

Nikaweka kichwa nje ya pazia na kumwuliza. Uso wa Baba Mkubwa ulikuwa umelowa mpaka kwenye kola.

"Haijaharibika," akaninong'oneza. "Aliitengeneza baba yako, na tangu azikwe sijaweza kuiwasha. Mwambie mama yako aiwashe yeye kwanza."